Bolti iliyoliwa kichwa ilipiwe ujira wake

Nina msimamo ambao wenye magari wenzangu wa Tanga hawaupendi: bolti ya giaboksi iliyoliwa kichwa, yaani kona zake zimelika spana haishiki tena, ni kazi inayojitegemea, na fundi alipwe kwa kazi hiyo mbali na fedha ya kushusha na kupandisha giaboksi. Sisi tumezoea kupatana kwa jumla, "shusha, badilisha klachi, pandisha," halafu bolti moja ikigoma tunamsimamia fundi kichwani kana kwamba yeye ndiye aliyeitia kutu.

Kutu ya hapa haihitaji kuelezwa kwa mtu anayekaa Sahare au Raskazone. Upepo wa bahari unakula mabati, unakula nondo za madirisha, na chini ya gari unafanya zaidi ya hapo. Ganda la giaboksi kwa kawaida ni alumini, bolti ni chuma. Vikikutana na unyevu wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe unaojaa kati ya bolti na tundu lake, na unga huo unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyokuwapo. Bolti inabanwa kila upande. Ukiivuta kwa nguvu, kichwa kinakubali kuumia kabla uzi haujalegea.

Ila tusiisingizie chumvi kila kitu. Bolti nyingi zinazounganisha giaboksi na injini kwenye Toyota zetu zina vichwa vya milimita 14 na 17. Kwenye masanduku ya zana bado utakuta spana za inchi, urithi wa enzi za Land Rover na matrekta ya mashamba ya mkonge. Ya 9/16 ni milimita 14.3 hivi, ya 11/16 inakaribia 17.5. Inaingia, inashika, unaona mambo safi, mpaka mtu aongeze bomba kwenye mkono wa spana. Hapo inaruka na kuondoka na kona. Hata soketi halali ya milimita, kama ni ya pembe 12, inashika karibu na kona tu, wakati ile ya pembe 6 inashika ubapa wa kichwa. Fundi akikuomba uchangie soketi ya pembe 6, changia bila kununa.

Mazungumzo ya gereji za Ngamiani nayajua kwa moyo. "Bosi, hii imeshaliwa. Inataka ilale na mafuta mpaka kesho." "Fundi, kesho alfajiri natakiwa Lushoto. Wewe piga tindo." Na fundi, kwa kuwa fedha ya kesho haimo kwenye mapatano, anapiga tindo. Sikio la ganda likimeguka, mwenye gari anaanza kusaka giaboksi iliyotumika, na safari ya Lushoto imekufa.

Kinachofanyika bolti "ikilala" ni hiki. Kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu yanapuliziwa, kichwa kinagongwa kwa nyundo ili mafuta yapenye. Asubuhi fundi anachukua soketi ya pembe 6 iliyo ndogo kidogo, mathalani ya 16 kwa kichwa cha 17 kilicholika, anaipigilia iingie kwa nguvu. Kabla ya kulegeza, anakaza kidogo sana, kuvunja ule ukaidi wa kwanza.

Ikigoma, moto. Alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ganda likipashwa tundu linafunguka. Tatizo ni kwamba alumini safi inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 na haikuonyi kwa kuiva wekundu kama chuma. Mtu mwenye papara na mtungi wa gesi ataliona ganda linadondoka tu, na bado hatujataja oili sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, na haidroliki iliyomwagika pale chini.

Mimi napendelea kuchomelea nati juu ya kichwa kilicholiwa. Joto linashuka ndani ya bolti, na spana inapata pembe mpya za kushika. Betri ichomolewe kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu na bolti yenyewe, umeme usije ukapita kwenye beringi. Mwisho kabisa kuna kutoboa kichwa kwa drili mpaka kiondoke. Mvuto unakwisha, ganda linachomoka, na kisiki kilichobaki kinashikwa kwa vaisigripu, koleo linalojifunga. Mara nyingi kinazunguka kwa upole wa kushangaza. Zile ekstrakta, vyuma vya kung'olea bolti, za kupigilia ndani ya tundu siziamini: ni chuma kigumu, zikikatikia ndani biti ya kawaida haizitoboi.

Najua jibu la wenzangu: tukiweka bei ya bolti, mafundi watazila makusudi. Wapo wa hivyo, sikatai. Basi ingieni chini ya gari pamoja kabla spana haijagusa kitu, mpige picha za vichwa kwa simu, mkubaliane kwamba iliyokwishalika inalipiwa na anayoila yeye ni juu yake. Dakika chache tu hizo, na spana boi akiwapo anajifunza.

Bolti mpya inunuliwe kabla giaboksi haijapanda, yenye urefu na uzi uleule, na ugumu uleule. Za duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni laini, tafuta yenye alama ya ugumu ya 8.8 au 10.9 iliyogongwa kichwani, kulingana na iliyotoka. Ile ya zamani usiikubali irudi hata ikichongwa upya kwa tupa, maana kichwa kitakuwa kimeshuka kutoka 17 mpaka 16, na fundi atakayeifungua mwaka kesho ataingiza 17 kama kawaida.