Alikwenda kutafuta usingizi

Jumamosi nilikaa na kijana mmoja kwenye mgahawa pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Chai yake ya maziwa ilishika utando, hakuigusa. Miezi mitatu halali. Usiku anasikiliza bodaboda mpaka zinakwisha, halafu adhana, halafu kumekucha. Akajikaza, akaenda kwa mnasihi aliyeelekezwa, akamweleza yote, pamoja na lile asilolijua hata mama yake: anapenda wanaume wenzake. Kuanzia hapo usingizi haukutajwa tena. Aliulizwa nani alimharibu, akaambiwa afunge siku saba. Mlangoni akaagwa kwa maneno haya: "Ukibadilika, uje tuendelee."

Hajarudi, na mimi sijatulia tangu aniambie.

Abadilike nini? Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tangu Mei 1990. Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani, alichapisha utafiti mwaka 2003 akidai baadhi ya watu hubadilika. Mwaka 2012 akakiri kwamba utafiti ule haukuthibitisha hivyo, akawaomba radhi mashoga waliopoteza muda na nguvu zao kwa kumwamini. Mzee wa karibu miaka themanini aliweza kusema nilikosea. Mnasihi wetu naye anaweza.

Kijana huyu alihitaji kuulizwa maswali ya kawaida kabisa. Kukosa usingizi kulianza lini? Unamwogopa nani? Umewahi kuwaza kujiua? Saa nane usiku ukizidiwa, unampigia nani? Mnasihi anayempokea mtu alivyo huanzia hapo, na hofu yake huichukua kwa uzito, kwa sababu ina msingi: sheria yetu inafika hadi kifungo cha maisha, na mji huu ni mdogo, mnasihi wako anaimba kwaya moja na shangazi yako. Siri ikivuja hapa, mtu anapoteza chumba, kazi na ndugu kwa wiki moja.

Wapo wanasihi ambao imani yao haiwaruhusu, nakubali. Basi waseme mapema na wampeleke kwa mwenzao, kabla hajafungua moyo.

Juzi saa tisa usiku simu iliita. "Dada, umelala?" Nikaamka, nikajifunga kitenge kwa baridi, tukaongea mpaka majogoo. Mimi nauza vitenge, sikusomea kazi hii. Mwenye kuisomea, aliye tayari kumsikiliza, namtafuta.