Dakika Moja ya Ukimya Iliyodaiwa Miaka 49

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, Olimpiki ya Munich 1972 ni jina la furaha. Tarehe 2 Septemba John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Siku mbili baadaye Kipchoge Keino akatwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Usiku uleule, kabla hakujapambazuka tarehe 5, watu wanane wa kundi la Kipalestina la Black September waliruka uzio wa kijiji cha wanamichezo na kuingia nyumba namba 31, Connollystrasse, walikolala wanamichezo wa Israel na makocha wao.

Kocha wa mieleka Moshe Weinberg na mnyanyua vyuma Yossef Romano waliuawa humo humo. Wenzao tisa waliotekwa walikufa usiku uliofuata kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Fürstenfeldbruck, polisi wa Ujerumani Magharibi walipojaribu kuwaokoa na mpango ukaharibika vibaya. Polisi mmoja Mjerumani alikufa pia, pamoja na watekaji watano. Mdogo kuliko wote kati ya Waisraeli hao kumi na mmoja, mwanamieleka Mark Slavin, alikuwa na umri wa miaka 18.

Wayahudi huwasha mshumaa kila mwaka siku aliyofariki ndugu yao. Waswahili wanaosoma hitima hawahitaji kuelezwa maana yake. Hawa kumi na mmoja wamewashiwa mishumaa hata na watu ambao hawakupata kuwaona. Huko Ohio, Marekani, alikokulia mnyanyua vyuma David Berger, imesimamishwa sanamu ya pete za Olimpiki zilizovunjika. Na vijana wa Kiyahudi wanapokutana kwenye michezo yao ya Maccabi huko Amerika Kaskazini, sherehe ya ufunguzi haipiti bila kuwakumbuka.

Ubishi ulikuwa kwingine. Wajane wawili, Ankie Spitzer, aliyeolewa na kocha wa vitara Andre Spitzer, na Ilana Romano, waliiomba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki jambo dogo: dakika moja ya ukimya katika ufunguzi wa Olimpiki. Waliomba kwa miongo kadhaa. Kabla ya London 2012, kituo kimoja cha jumuiya ya Wayahudi katika jimbo la New York kilikusanya sahihi zaidi ya 100,000. Rais wa Kamati, Jacques Rogge, alikataa kwa maelezo kwamba sherehe ya ufunguzi si mahali pa kukumbuka msiba wa namna hiyo. Alitoa dakika yake ndani ya kijiji cha wanamichezo, mbele ya watu wachache.

Hoja ya Kamati si ya kupuuzwa. Uwanjani huingia zaidi ya mataifa 200, na kila taifa lina makaburi yake. Mwaka 1968, siku kumi kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya Mexico, askari waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Tlatelolco. Ukiwataja hawa, utamwambia nini mama wa wale? Tena damu ya Munich ilizaa damu nyingine. Siku chache baadaye ndege za Israel zilishambulia Lebanon na Syria, na mwaka 1973 huko Lillehammer, Norway, maajenti wa Israel walimuua mhudumu wa mgahawa kutoka Morocco, wakidhani ni mtu mwingine. Mwenye kuhofia kwamba dakika ya ukimya itageuzwa bendera ana sababu ya kuhofu.

Hata hivyo sikubaliani naye. Hawa hawakuuawa jirani na Olimpiki. Waliuawa wakiwa wageni wake, ndani ya malazi yake. Na ile kauli ya kutochanganya michezo na siasa ilivunjwa mapema na mkuu wa Kamati wa wakati huo mwenyewe. Kwenye ibada ya kumbukumbu ya tarehe 6 Septemba, Avery Brundage aliutaja msiba ule sambamba na kufukuzwa kwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo, wakati huo chini ya utawala wa Wazungu wachache), kulikotokana na shinikizo la nchi za Afrika, kana kwamba kuukataa ubaguzi na kuua watu ni mizani moja. Hapo alituvunjia heshima sisi pamoja na marehemu.

Kisha akatangaza kwamba michezo lazima iendelee. Hapa nakiri moyo wangu unagawanyika. Tarehe 10 Septemba Wakenya wanne walishinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Kama michezo ingesitishwa, dhahabu ile isingekuwapo. Siwezi kuwalaumu vijana wale kwa kukimbia. Lakini kuendelea ni jambo moja, na kuendelea miaka 49 bila kutaja wafu kwenye ufunguzi ni jingine.

Rio 2016 Kamati ilitenga mahali pa maombolezo kijijini na majina yakasomwa. Dakika yenyewe ilikuja Tokyo, tarehe 23 Julai 2021. Wajane wote wawili walikuwepo. Kwa sababu ya korona viti vya uwanja vilikuwa karibu vyote vitupu, kwa hiyo umati waliouomba tangu ujana wao haukuwapo kusimama nao. Walilia hata hivyo.