Kwa Kiingereza ni mtu mmoja, kwa Kiswahili ni baba wa watu

Juzi jioni pale kijiweni, kahawa na kashata kama kawaida, nikawatupia wazee swali. Kiberenge kimekatika breki, mbele kuna mafundi watano wa reli hawana habari, na wewe uko juu ya daraja umesimama na bonge moja la mtu, ukimsukuma akadondokea relini kiberenge kinasimama, watano wanapona yeye anakufa. Unasukuma husukumi?

Kwanza nikahojiwa mimi. Dereva yuko wapi, hao mafundi masikio hawana, kwa nini usipige kelele. Mzee mmoja alikuwa kwenye drafti, hata kichwa hakuinua, akasema tu "sasa baba wa watu kakukosea nini?" Basi, mjadala ukafia hapo, na ikaonekana mwenye matatizo ni mimi.

Swali lenyewe la siku nyingi. Mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, alilianzisha mwaka 1967 akiwa na dereva wa tramu wa kuchagua agonge mmoja au watano, hiyo ya daraja na bonge ikaja baadaye kwa Judith Jarvis Thomson wa Marekani. Hesabu ni ileile, mmoja kwa watano, ila ukimwambia mtu avute swichi treni ihamie reli nyingine wengi wanakubali, ukimwambia asukume kwa mkono wake anagoma, na ukimbana akwambie tofauti iko wapi anaanza kujiumauma. Utafiti uliotoka 2020 uliuliza watu 70,000 wa nchi 42 na mpangilio ukawa huohuo kila mahali, swichi inakubalika zaidi, kusukuma kunakataliwa zaidi. Kwa hiyo wazee wangu sio washamba, wako na dunia nzima.

Kinachonisumbua mimi ni lugha. Mwaka 2014 Albert Costa wa Barcelona, Boaz Keysar wa Chicago na wenzao walitoa utafiti, wamewapa watu kisa hichohicho cha daraja, wengine kwa lugha ya nyumbani wengine kwa lugha waliyojifunzia ukubwani. Kwa lugha ya nyumbani waliosema nasukuma ni asilimia 20, kwa lugha ya kigeni asilimia 33. Kisa cha swichi, ambacho hakikugusi sana, lugha haikubadilisha kitu. Sasa utasema labda lugha ya kigeni inakufanya utulie ufikirie vizuri, mi pia nilidhani hivo, lakini 2017 wakarudi kuchimba zaidi wakaona sio kwamba watu wanafikiri zaidi, wanahisi kidogo. Yani kichwa ni kilekile, moyo ndo umepigwa ganzi.

Nikajaribu mwenyewe. Swali lilelile nikalitupia kwenye grupu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja chuo, kwa Kiingereza, na dakika tano hazijaisha majibu yakaja kama ya mtihani wa hesabu, watano ni zaidi ya mmoja, sukuma, next. Mmoja wao ni jirani yangu na siku ile kijiweni alikuwepo kabisa, akitikisa kichwa pamoja na wazee! Sio utafiti huo najua, ni udaku wangu tu, ila uliniingia.

Maana Kiswahili ni kigumu kumwacha mtu akabaki "mtu mmoja" hivihivi. Akipata balaa tu tayari ni mtoto wa watu, baba wa watu, mke wa mtu, ameshapewa ukoo na wa kumlilia. Na sisemi sisi tuna huruma kuliko wengine, Mhispania kwa Kihispania chake yanamkuta hayohayo, ni lugha yoyote uliyobembelezwa nayo na kuchapwa nayo. Mama yangu mimi Kiswahili ni cha dukani na cha hospitali, jambo likimuuma kweli anahamia Kihaya.

Ila na wazee nisiwape sifa za bure, kusema sio kutenda. Ubelgiji mwaka 2018 watafiti waliweka panya kwenye vizimba, watano huku mmoja kule, ukikaa kimya watano wanapigwa shoti, ukibonyeza anapigwa yule mmoja (hakuna panya aliyepigwa, lakini mshiriki hakuambiwa mpaka mwisho). Walioulizwa kwa mdomo tu, asilimia 66 walisema wangebonyeza. Waliowekwa mbele ya panya wenyewe, 84 wakabonyeza.

Mi panya wangu nilikutana nao ofisini, sehemu niliyokuwa zamani. Kikao cha kupunguza watu, slaidi zote Kiingereza, tuko kumi na nane inatakiwa tubaki kumi na tano, kuna jedwali, kuna rangi, mimi naitikia kwa kichwa kabisa na hata swali moja nililouliza lilikuwa la kuonyesha nimeelewa jedwali. Dada mmoja wa uhasibu ndo akakohoa akasema kwa Kiswahili, "kwa hiyo mama Rehema ndo tunamfukuza?" Chumba kikanyamaza. Huyo mama alikuwa ametuletea chai dakika kumi nyuma, vikombe vyake bado viko mezani, changu nusu. Mwenyekiti akaangalia saa, akasema tuahirishe.

Wiki iliyofuata tukarudi, slaidi zilezile, ila jina lilishatolewa imebaki namba ya nafasi, na mazungumzo Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, hata yule dada. Robo saa tukawa tumepitisha. Mkono wangu uliinuka mapema tu, nadhani wa pili.