Oili ilivuja, basi

Tukiambiwa askari kafa vitani, tunauliza alipigwa wapi. Tukiambiwa kafa mazoezini, tunanyamaza kidogo, kama vile marehemu katuaibisha.

Nile Kinnick, rubani wa jeshi la majini la Marekani, alikufa mazoezini. Tarehe 2 Juni 1943 aliruka na ndege ya kivita, Wildcat, kutoka USS Lexington, meli mpya ya kubebea ndege iliyokuwa kwenye Ghuba ya Paria, karibu na Venezuela. Adui hakuwepo. Oili ikavuja, ikazidi kuvuja, akawa hawezi kufika nchi kavu wala kurudi melini, ambako sitaha nayo ilikuwa imejaa ndege zikisubiri kuruka. Akaishusha baharini. Boti za uokoaji zilikuta mafuta yanaelea tu. Alikuwa na miaka 24, na mwili haukupatikana.

Wapo wanaopenda kusimulia kwamba alijitoa mhanga ili asiwagonge wenzake pale sitahani. Mimi sioni haja ya kumpamba. Injini iliishiwa oili. Kwani hilo halitoshi kumlilia kijana?

Tena kijana gani! Mjukuu wa gavana wa jimbo la Iowa, na mwaka 1939 alishinda Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za mpira wa vyuo Marekani (ule mpira wao wa kofia ngumu, unaochezwa zaidi kwa mikono). Akipokea tuzo hiyo alimshukuru Mungu kwamba yeye anapigana kwenye viwanja vya mpira vya kwao, si kwenye viwanja vya vita vya Ulaya. Akakataa fedha za mpira wa kulipwa, akaingia kusoma sheria Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka mmoja tu, kisha akajiandikisha urubani wa jeshi la majini.

Ninayemfikiria zaidi ni baba yake. Watu walipotaka uwanja wa chuo uitwe Kinnick, mzee hakuafiki: vijana wengi wamekufa, kwa nini atajwe wake peke yake? Na huyo ni mtu ambaye mwaka 1944 alifiwa na mtoto mwingine, Ben, rubani pia, huko Pasifiki.

Alikuja kukubali mwaka 1972. Wanasema ni heshima iliyochelewa. Kwangu mimi, heshima yenyewe ilikuwa ile miaka aliyokataa.