Mbingu Kinyumenyume

Kwenye ukoo wetu kila mtu ana cheo chake. Yuko wa kukusanya michango, yuko wa kuila, yuko wa kugombana na watu wa maturubai. Cheo changu mimi ni kumpelekea Mama habari ambazo wengine hawana ubavu wa kumpelekea. Shamba likiuzwa kimyakimya, naitwa. Mjukuu akiacha chuo akaanza kuchekesha watu mtandaoni, naitwa. Sasa mpwa wangu Abdul, aliyeko Houston, kapata binti. Wamempa jina la Nevaeh. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp likaandika "Mashallah", "Mashallah", "Mola amkuze", halafu kimya. Nikajua. Wananisubiri mimi nifunge duka nikamweleze mwanamke wa miaka themanini na ushee kwamba kitukuu chake kinaitwa hivyo.

Nina kiduka cha spea za baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Mtu wa tairi, minyororo na mipira ya breki. Nani kasema najua majina ya Marekani?

Tuanze na kulisoma. Mteja wangu mmoja alisoma "Nevaehe", mwingine "Nevaii", mimi nikasoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, hadi mate yakaniruka. Abdul akanirekebisha kwenye simu: "Ni Neveya, mjomba." Neveya! Sasa hiyo h hapo mwisho imekuja kufanya nini? Huku kwetu herufi ikiandikwa inafanya kazi, haikai bure mlangoni mpaka jioni.

Mkwe wetu, mtoto mwenye adabu zake, shikamoo haimpiti ingawa kakulia Texas, akaichukua simu anieleweshe. "Mjomba, ni neno 'heaven', mbingu, limeandikwa kutoka nyuma kuja mbele. Tulitaka jina adimu, lisilo la kila mtu."

Adimu. Neno hilo ndilo lililoniondolea usingizi, si jina lenyewe. Maana binti yangu yuko likizo, ana bando, na hana kazi. Nikamwambia hebu tafuta hiyo adimu yao imetokea wapi. Akatafuta. Jamani.

Kumbe lilikuwepo kabla, ila la kuokoteza. Mwaka 1999 Marekani nzima walizaliwa mabinti 8 tu wa jina hilo. Nchi kubwa vile, mabinti 8, hata timu ya netiboli wanaitimiza wakabaki na mmoja wa akiba. Ikafika mwaka 2000. MTV walikuwa na kipindi chao cha Cribs, cha wasanii kutembeza kamera majumbani mwao ili sisi tulie. Akatokea Sonny Sandoval, mwimbaji wa P.O.D., bendi ya roki ya Kikristo kutoka San Diego, akamwonyesha mwanawe mchanga, akasema huyu ni Nevaeh, ni mbingu kinyumenyume. Basi. Mtu kaonyesha mtoto, hakuuza kitu, hakutangaza kitu. Mwaka huo huo wakaandikishwa 86. Mwaka 2001 wakafika 1,191. Kufika 2005 walikuwa 4,457 kwa mwaka mmoja, na jina likawa la 70 kati ya majina yote ya wasichana nchini. Mwaka 2010 likapanda hadi la 25, ndipo likaanza kushuka taratibu.

Mabinti 4,457! Kwa mwaka mmoja! Hiyo adimu gani? Sukari ikipatikana hivyo hapa Tanga hatuiiti adimu, tunasema imefurika. Na hapo hatujawagusa waliogeuza wakateleza wakaandika Neveah. Hilo ukilirudisha mbele halitoi mbingu, linatoa "haeven", kitu ambacho hakipo duniani wala ahera. Sasa huyo mtoto atawaambia nini wenzake?

Na cha kuniudhi zaidi, wenzetu hawana kisingizio cha kutojua. Huku kwetu ukitaka kujua jina fulani limezagaa kiasi gani, unasimama sokoni unaita, unahesabu vichwa vinavyogeuka. Wao Mamlaka yao ya Hifadhi ya Jamii inaorodhesha majina yote ya watoto na kuyaanika bure mtandaoni kila mwaka. Aliyeianza kazi hiyo ni bwana mmoja mtaalamu wa hesabu za bima, Michael Shackleford, mwaka 1997. Yeye kaishi na jina la Michael, na Michael kule kwa miaka mingi ndilo lililoongoza kwa wavulana, yaani ni Juma wa huko. Kachoka kuitwa na kukuta wanaoitika ni wanne. Wakati wa kupata mtoto wake akataka kujua lipi limejaa na lipi halijajaa, akazama kwenye mafaili ya ofisini kwao, akachambua. Huyo namwelewa kabisa. Huyo ndiye alitaka adimu kwa vitendo.

Sasa orodha yenyewe ina sheria moja tamu: jina lisilofika watoto 5 kwa mwaka halitajwi kabisa, kwa sababu za faragha. Nikamwuliza Abdul: bibi yako aliyekulea, yaani Mama yetu, anaitwa nani? Akasema Sikudhani. Nikamwambia haya, nenda kwenye hiyo orodha ya serikali yenu, tafuta Sikudhani. Akanyamaza. Tafuta Chausiku. Tafuta Mwanaidi. Tafuta Siwatu. Mtoto angeitwa Sikudhani hapo Houston angekuwa peke yake tangu chekechea hadi anazeeka, hata kompyuta isingethubutu kumtaja. Mnakwenda kununua adimu dukani wakati mnayo ndani ya kabati!

Na jina la Mama lina kisa. Bibi yetu mzaa Mama alikwisha kusema kizazi kimefunga, keshagawa hadi mbeleko, mara tumbo hilo. Mtoto alipotoka, mama mtu akasema "Sikudhani", wakunga wakasema basi, ndilo hilo. Huhitaji televisheni. Chausiku kaja usiku. Mwanaidi kaja sikukuu. Mashaka, Tabu, Shida, hao wazazi wao walikuwa na mwaka mbaya na hawakuona haja ya kuficha. Nakubali, si majina ya kupendeza yote. Mimi nina rafiki anaitwa Matatizo, na benki wakimpigia simu wanaanza kwa kucheka. Lakini lina habari ndani yake. Nevaeh lina habari gani? Kwamba wazazi walikuwa na kioo?

Halafu na Wamarekani nao, watu wa ajabu. Sisi tunawaonea gere Nevaeh, wao wanabeba yetu. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kule kwa Wamarekani weusi, akaijengea nguzo saba kwa Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Basi kuna kina Imani na kina Nia wa kumwaga kule. Imani! Jina ambalo hapa ukimwita mtu barabarani anaitika mama lishe, fundi bomba na shemeji yako. Kule linasikika la kifalme. Ila nimegundua kwenye hizo nguzo saba nao wamechagua chagua. Sijasikia binti wa Chicago anayeitwa Kujichagulia. Hapo wangekuwa wamejichagulia kweli.

Nikafanya kosa la kibinadamu la kulipeleka jambo barazani, kwenye kahawa ya jioni. Nikaandika Nevaeh nyuma ya kitabu cha risiti kwa kalamu, nikawageuzia. Mzee wa kahawa akaweka vikombe chini. Nikadhani nitapata wenzangu wa kulalamika. Wapi! Watu wazima, wenye wajukuu, wakaanza kugeuza majina yao. Kila mmoja kakamata kipande cha karatasi ya kashata anaandika. Juma akatoka Amuj, akasema linafanana na mtu wa Bombay, akafurahi. Halima wa vitumbua akatoka Amilah, na hapo kweli lilitulia kidogo, maana Amilah ukiliangalia lina mvuto, utadhani la mwanadada anayesoma taarifa ya habari. Halima kesho yake kaliandika kwenye ubao wa vitumbua. Wateja wanamuuliza mwenye vitumbua kahama?

Aliyeumia ni Amani fundi saa. Amani ukiligeuza linatoka Inama. Usiombe. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena Amani. "Inama!" mtu anaita toka ng'ambo ya barabara, na mpita njia asiyehusika anainama kweli, anadhani kuna kitu kinamjia kichwani. Juzi bodaboda kainama na mshikaki wa abiria wawili nyuma, nusura wote waingie kwenye genge la nyanya. Amani ananilaumu mimi. Mimi! Sikumwita yule Sandoval kwenye televisheni.

Ikabidi niende kwa Mama. Nikamkuta uani, anachambua mchele kwenye ungo, miguu kanyoosha mkekani. Nikasalimia, nikazunguka, nikaulizia magoti, nikaulizia kuku. Hakuinua macho. "Sema, mwanangu. Ukianza na kuku najua kuna jambo."

Nikasema jina. Nikasema Neveya.

"La nani hilo, la mtume gani?"

Nikasema si la mtume, Mama. Ni mbingu kwa Kiingereza, wameigeuza nyuma mbele.

Ungo ukasimama. Akatoa kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitazama, akakitupa kwa kuku. "Mbingu wameigeuza."

"Ndiyo, Mama."

"Na mbingu ikigeuzwa, kilichoko juu kinakuwa wapi?"

Sikujibu. Mtu anayekwenda kuomba pesa za mbuzi hajibu maswali ya namna hiyo. Maana akika ni lazima ifanyike na huku pia, Abdul kaahidi kutuma, na mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, Mola ashukuriwe kwa punguzo hilo. Tatizo ni siku hiyo shehe ataomba jina alisome kwenye dua, na nani atakayemfundisha shehe yule, ambaye hata "Houston" anaiita Hustini, kutamka jina lililozaliwa kwa watu wa magitaa?

Mama akarudi kwenye mchele. Akapepeta mara kadhaa, akasema bila kuniangalia: "Wao wamwite wanavyotaka. Hapa nyumbani anaitwa Neema. Nenda kawaambie."

Nenda kawaambie. Unaona? Cheo kile kile, upande wa pili.

Nikapiga simu. Abdul akalipokea vizuri, akasema kwa bibi hana la kusema, Neema ni jina zuri. Nami mkono umeshazoea balaa hili, nikiwa naongea kalamu ikawa inaandika nyuma ya risiti, inageuza. N, e, e, m, a. Nikaangalia kilichotoka: Ameen. Nikasoma kwa sauti kabla sijajizuia. "Abdul, Neema kinyumenyume ni Ameen."

Simu ikatulia, nikadhani imekata. Halafu nikasikia mkwe anaongea pale pembeni, sauti imechangamka: "Ameen? Subiri, mjomba, hilo ni zuri! Usimwambie mtu mwingine, tunaliweka la wa pili."