Mjomba Aliponiuliza Natafuna Nini

Mimi ni mtoto wa kabureta. Pikipiki ikitetemeka nilikuwa nachukua bisibisi, natega sikio, nazungusha skrubu ya hewa robo kulia, robo kushoto, injini inatulia, na waliosimama pembeni wananiita fundi. Ndiyo maana nilipopata pikipiki ya nozeli, ambayo kompyuta ndiyo inayopima petroli badala ya kabureta, silinda mbili, sikuona sababu ya kusoma kitabu chake. Kile kitabu nilikiweka dirishani kuzuia dirisha lisijifunge kwa upepo, na kazi hiyo kilikuwa kinaifanya vizuri.

Basi pikipiki ikaanza kupumua. Ukiwa mwendoni haina shida, inavuta kama kawaida. Ukisimama tu, mshale wa mizunguko unashuka hadi 900, unashtuka, unapanda hadi 2,000, unashuka tena, kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye kikao. Siku moja nimesimama kwenye kivuko, bibi mmoja anavuka taratibu na mkoba wake. Alipofika mbele yangu injini ikajipigia resi yenyewe: vuuum! Bibi akasimama katikati ya barabara, akanigeukia.

"Mjukuu wangu, mbona unanifokea?"

"Si mimi bibi, ni pikipiki."

"Na pikipiki imekaliwa na nani?"

Nilirudi nyumbani nimeamua kuitengeneza siku hiyohiyo. Siku chache nyuma nilikuwa nimeinua tanki na kusafisha chujio la hewa, kazi niliyoifanya kwa ustadi mpaka nikajipongeza kwa sauti, kwa hiyo upande ule sikuushuku kabisa. Nikabadilisha plagi. Nikapima betri, injini ikiwa inanguruma ikasoma volti 14 na kidogo, sawa. Nikaangalia taa ya injini kwenye dashibodi: haijawaka. Hapo nikajiambia, kama kompyuta yenyewe haioni tatizo, basi tatizo ni dogo, linahitaji bisibisi.

Nikainua tanki. Pale kwenye mdomo wa hewa, karibu na nozeli, nikaiona skrubu. Imepakwa rangi nyeupe kichwani. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kiwanda kimejisumbua kupaka rangi skrubu moja tu. Mimi nilidhani wameipaka ili fundi aione kwa urahisi.

Nikaizungusha. Robo, hakuna kitu. Nusu, mlio ukapanda kidogo. Nikasema tumepata njia. Nikazungusha mara nyingine ambazo sikuzihesabu, maana enzi za kabureta mimi husikiliza, sihesabu.

Kumbe ile ndiyo skrubu inayozuia kipepeo, kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ukiikaza, kipepeo hakifungi tena mpaka mwisho. Na kompyuta, ikisoma kwamba kipepeo kimefunguka, inaamini dereva ameshika mafuta, anataka kwenda. Inamwaga petroli kwa heshima zote. Mshale ukakaa 3,000. Nikaona hata hivyo ni maendeleo, angalau sasa haipumui sana.

Nikaijaribu uani. Nikakanyaga gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole kama mtu mwenye akili, mshiko wa mafuta sijaugusa. Pikipiki ikaondoka na mimi. Tulipita kwenye kamba ya nguo kwa pamoja. Nilipofanikiwa kuizima nilikuwa nimevaa shuka kichwani, na mke wangu amesimama mlangoni na beseni.

"Baba fulani," akasema kwa upole ule ambao si upole, "mpigie mjomba."

Mjomba alikuja jioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye shuka. Mjomba hana haraka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya injini kama mtu anayesubiri mgonjwa azungumze.

"Kitabu chake kiko wapi?"

Nikaenda kukitoa dirishani. Dirisha likajifunga kwa kishindo nyuma yangu. Mjomba akapekua mpaka akapata ukurasa: mizunguko 1,300 kwa dakika injini ikiwa imepata moto, ongeza au punguza 100. Kisha akaniambia nipime sensa ya kipepeo, kile kifaa kinachoiambia kompyuta kipepeo kimefunguka kiasi gani. Hapo nikafurahi, maana mita ya kupimia umeme ninayo. Ncha zake ni kali kama sindano ya cherehani, ziliwahi kunichoma paja kupitia mfukoni, kwa hiyo ile nyekundu nilikuwa nimeivika kofia ndogo ya mpira mweusi niliyoiokota sakafuni. Nikaivua ile kofia, nikaibana kati ya meno, mikono yangu yote ikiwa kazini.

Kitabu kinataka volti 0.6 kipepeo kikiwa kimefungwa. Mita ikasoma 0.9.

"Nani amegusa skrubu yenye rangi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na kisingizio kizuri, mdomo wangu una mpira.

"Sawa," akasema, "hiyo ni dhambi yako, tutairudia. Lakini umeigusa baada ya ugonjwa kuanza. Ugonjwa wenyewe uko wapi?"

Akaniomba nirudie kueleza. Nikaeleza kwa meno yaliyobanana: ikikimbia nzima, ikisimama mgonjwa. Mjomba akatikisa kichwa, akasema hiyo ni hewa ya wizi. Injini ikikimbia inavuta hewa nyingi, kidogo kinachoingia kwa mlango wa nyuma hakionekani. Ikisimama inavuta kidogo, basi kile kijihewa cha wizi ndicho kinachotawala: silinda moja inapata mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, inamisi, yaani inakosa kuwaka, kompyuta inajaribu kusawazisha, inapitiliza, inarudi, ndiyo ile pumua-pumua. Na taa haiwaki kwa sababu hakuna waya uliokatika wala sensa iliyokufa. Kompyuta inasoma ilichopewa, haijui kuna tundu.

Tukaiwasha ikiwa bado ya baridi. Mjomba akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, yenye mrija mwembamba, akawa anapuliza tone-tone kwenye maungio ya mipira ya hewa. (Dawa ile inashika moto upesi. Alinituma kwanza nikalete kizimamoto, nami nilidhani ananitania.) Mpira wa kushoto, hakuna badiliko. Kiti cha nozeli ya kushoto, hakuna. Mpira wa kulia, kimya. Akashusha mrija chini kidogo ya kipepeo cha kulia, akapuliza, mlio ukabadilika palepale. Akarudia, ukabadilika tena.

Akaweka kopo lake chini, akainama, akatega sikio. Nami nikainama. Chini ya ngurumo kulikuwa na sauti nyembamba, fyuuu, kama mtu anayenyonya chai ya moto. Palikuwa na chuchu ndogo ya shaba imechomoza, tupu. Ya upande wa kushoto ilikuwa nayo imechomoza, ila imevaa kifuniko.

"Hizi ni za kupimia vakyumu, yaani nguvu ya mvuto wa hewa, ili silinda zote mbili zivute sawa. Kazi ikiisha zinazibwa," Mjomba akasema. Akaweka ncha ya kidole juu ya ile tupu. Kupumua kukakoma. Akaondoa kidole, kukaanza. Akaweka, kukakoma. Nilitamani kupiga makofi.

"Sasa kifuniko chake kiko wapi? Ulipoinua tanki kusafisha chujio hukuona kitu kimedondoka? Mpira mdogo, mweusi, kama ule pale."

Nikakiangalia kile cha kushoto. Mweusi. Saizi ya ncha ya kidole cha mwisho.

"Shijui, Mjomba," nikasema.

Mjomba akanitazama mdomo. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Mpwa wangu, unatafuna nini?"

Nilikitema kwenye kiganja. Mke wangu, ambaye alikuwa amejifanya anaanua nguo, aliingia ndani haraka na nikasikia anacheka amejifunika mto. Mjomba alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akakipangusa mate kwa kitambaa, akakagua alama za meno kama hakijatoboka, akakivika. Sekunde tano, labda.

Ugonjwa wa pikipiki ukawa umepona. Ugonjwa wangu ndio uliotukalisha mpaka usiku. Kwa kuwa sikuhesabu mizunguko ya ile skrubu, Mjomba alikuwa anairudisha kwa upana wa unywele huku mimi namsomea mita: 0.85... 0.8... 0.55, hapana imepita, rudi... Ilipokaa 0.6, alama ya rangi ikakutana na mwenzake kwa mstari ulionyooka, jambo ambalo tungeweza kulitumia tangu mwanzo kama nisingekuwa nimeifuta nusu kwa bisibisi. Tukawasha, tukaiacha ipate moto. 1,300. Mshale umesimama kama umechorwa.

Mjomba akaosha mikono, akaaga, akanirudishia kitabu na kuniomba kisiende dirishani. Nikamshukuru, nikatia mita mfukoni, nikakaa kwenye kigoda alichokiacha.

Nikaruka. Ile ncha nyekundu haikuwa na kofia tena.