Mwanafunzi Bora wa Uuguzi Tusimwondoe Kando ya Kitanda

Tulikuwa mwaka wa nne, tumepangwa wodi ya watoto wachanga. Rafiki yangu alikuwa na daftari dogo, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kila siku alipima joto la watoto mara mbili: saa mbili asubuhi kabla ya raundi ya madaktari, na saa nne raundi ikiisha. Mwanzoni nilidhani anajaza logibuku, kitabu cha kuandikia kesi tunazotakiwa kuzifanya ili tuhitimu. Siku moja akaniambia, "Njoo ushike mguu wa huyu." Nikashika. Ulikuwa wa baridi kama bomba la maji alfajiri.

Mtoto yule alikuwa na 36.7 kabla ya raundi. Sasa alikuwa na 35.8. Alikuwa amefunuliwa khanga ili apimwe, watu wakamzunguka, wakamjadili vizuri tu, wakahamia kitanda kinachofuata, naye akabaki wazi mpaka mtu alipokumbuka kumfunika. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Sote tulikuwa tumesoma hivyo na tumejibu hivyo kwenye mtihani, lakini aliyeona kwamba raundi yetu wenyewe inawapoza watoto alikuwa mmoja. Aliandika wiki tatu mfululizo, kitanda kwa kitanda.

Daftari lile alilipeleka chuoni. Mwalimu akafungua kurasa mbili, akamrudishia: "Mwanangu, kamalize kwanza kesi zako za logibuku." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na wanafunzi wengi wa kusimamia, na mada za utafiti wa mwaka wa nne zilishapitishwa. Ya rafiki yangu ilikuwa dodoso kuhusu uelewa wa akina mama juu ya chanjo. Akalifanya, akaongoza darasa, siku ya mahafali akapewa cheti na bahasha na sisi tukapiga vigelegele. Leo yuko ofisini kwenye mradi, anaandika ripoti. Hajashika kanula, ile sindano ya kuwekea dripu, miaka sita sasa.

Namfikiria kila ninaposoma kuhusu programu za honasi, yaani mafunzo ya ziada ya utafiti kwa wenye uwezo, kwa wanafunzi wa shahada ya uuguzi. Vyuo vingi vya Marekani vinazo. Mwanafunzi anaomba nafasi akiwa katikati ya masomo, anapewa mlezi mmoja wa kitaaluma, anachagua swali lake, anaandika andiko la utafiti, anaomba kibali cha maadili, anakusanya takwimu, kisha anasimama mbele ya watu na kueleza alichokipata. Wauguzi wa huko wana hata jumuiya ya kuwatambua wanaofanya vizuri, Sigma Theta Tau, na kinachonigusa ni kwamba ilianzishwa mwaka 1922 na wanafunzi sita wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Indiana. Wanafunzi! Hawakusubiri kuitwa.

Hapa kwetu mwanafunzi mwenye kichwa chepesi akiingia uuguzi, swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini hakusoma udaktari. Anaulizwa na shangazi, anaulizwa kanisani, anaulizwa na mgonjwa anayemwekea dripu. Na akishafanya vizuri, zawadi zote tulizonazo zinamtoa wodini: abadili kada, aingie utawala, akafundishe, apande ndege. Simlaumu anayekwenda, maisha yana madai yake. Ninachosema ni kwamba hatujamtengenezea hata njia moja inayomwambia: wewe una jicho, kaa hapa hapa kando ya kitanda, na jicho lako tutalinoa.

Jicho hilo lina thamani ya uhai wa mtu. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Kila uwiano wa wauguzi wenye shahada ulipokuwa juu kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Karatasi ya shahada peke yake haimfuniki mtoto khanga. Kwa imani yangu, kinachofanya kazi ni mtu aliyezoezwa kuona mabadiliko madogo na kuuliza kwa nini.

Halafu kuna ule utafiti wa mwaka 2021 wa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi apate joto, mara tu anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie. Tanzania ilikuwamo, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo. Waliobebwa mapema, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza hali itulie, asilimia 15.7. Nilipousoma nilikaa kimya muda mrefu. Daftari la rafiki yangu lilikuwa linapiga hodi kwenye mlango wa jirani kabisa.

Basi vyuo vyetu vianzishe honasi, lakini visiigeuze kuwa medali ya GPA, ule wastani wa alama. Hapo ndipo nina wasiwasi. Tukichagua kwa alama tu, tutapata wale wale wanaojua kujibu mtihani, na yule aliyepata wastani kwa sababu usiku kucha alikuwa wodini anasaidia mama mwenye kifafa cha mimba ataachwa nje. Inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, aulizwe. Yeye ndiye anajua nani hurudi kumwangalia mgonjwa baada ya zamu kuisha.

Wapo walimu wanaoniambia kwamba tutaligawa darasa, wachache wawe wateule na wengine wajione makapi. Hoja hii naiheshimu, nimewahi kukaa viti vya nyuma. Ndiyo maana nataka mlango uwe wazi kwa yeyote mwenye swali la kweli, na majibu yake yasomwe wodini, mbele ya wauguzi na wahudumu waliompa nafasi, kabla hayajawekewa jalada na kupelekwa maktaba. Gharama kubwa ni muda wa mlezi. Mwalimu mwenye wanafunzi wa honasi apunguziwe vipindi, la sivyo atarudi pale pale pa kufungua kurasa mbili.

Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa na kurudia kiapo kwa heshima ya Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa. Taa yake tunaijua sote. Ni wachache waliofundishwa kwamba mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London, kwa sababu alihesabu vifo vya askari na kuonyesha nini hasa kilikuwa kinawaua. Naye alikuwa na daftari.

Mimi sasa nafanya kazi wodi ya watoto wachanga, mkoani. Raundi yetu inaanza saa mbili na nusu. Mwaka huu nimeomba kila mtoto anayefunuliwa afunikwe kabla timu haijahamia kitanda cha pili, na siku nyingi inafanyika, ingawa sijui bado imebadilisha nini kwa sababu mikono ya kupima na kuandika haitoshi. Chuo chochote kikiniletea wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wenye maswali, pimajoto zipo na madaftari nitanunua mwenyewe.